Babu Hakuhama, Tarehe Ndiyo Iliyohama

Ukimkuta mtu Goma ameinamia simu, usidhani ni mpira tu. Huenda anatazama kipindi cha Marekani: mtu maarufu yuko mezani, kitabu kikubwa mbele yake, mwendesha kipindi Henry Louis Gates anamwambia afungue ukurasa, jina la babu wa babu linatokea, machozi yanashuka. Binamu yangu aliye Ulaya naye ameshatema mate kwenye kichupa na kulipia kipimo cha DNA. Majibu yalipotoka alinipigia usiku: "Kaka, sasa najijua."

Kwamba asiyejua asili yake hajijui limekuwa neno la kuapia. Linahubiriwa kanisani, linapigiwa kampeni, vijana wanaliweka WhatsApp pamoja na picha ya mbuyu, mti ambao hapa kwetu hauoti. Mimi sikubali. Na Goma ndio mji wa mwisho uliopaswa kukubali.

Swali lenyewe sisi tunalijua bila televisheni. "Weye uko mutu wa wapi?" Wa Goma. "Hapana, ya asili." Wa Goma, Majengo. "Na baba yako? Na baba yake?" Mwulizaji wetu hana kitabu cha picha. Anaishika kadi yako ya uchaguzi, anaigeuza kama noti anayoishuku, anatazama pua yako, anasoma jina, anarudi puani. Nilisimama hivyo siku moja kwenye dirisha la ofisi nikitafuta cheti, mpaka waliopanga foleni nyuma yangu nao wakaanza kunyoosha shingo waione pua.

Oktoba 2004 BBC ilianza kurusha Who Do You Think You Are?, kipindi cha watu mashuhuri kusaka mababu zao. Tarehe 12 Novemba mwaka huohuo Kongo ikapata sheria mpya ya uraia. Kule burudani, huku hatima ya mtu. Sheria hiyo inahesabu makabila yaliyokuwa nchini wakati wa uhuru, 1960. Lakini katiba ya 1964 ilitaka mzee wako awe wa kabila lililokuwepo kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Sheria ya 1972 ikawapa uraia waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya 1950. Ile ya 1981 ikaufuta, ikarudi nyuma mpaka tarehe 1 Agosti 1885. Sasa mchukue mkulima wa Masisi, hapa Kivu, ambaye baba yake aliletwa na Wabelgiji kabla ya 1950, maana kati ya 1937 na 1955 walihamisha makumi ya maelfu kutoka Rwanda. Mwaka 1972 ni raia, 1981 ni mgeni, na ng'ombe wake wanalala zizi lilelile. Babu hakuhama. Tarehe ndiyo iliyohama.

Na 1885, jamani! Mjerumani von Götzen, Mzungu wa kwanza kuliona ziwa Kivu, alifika 1894. Mpaka wetu na Gisenyi ya Rwanda walikubaliana Wazungu huko Brussels mwaka 1910. Orodha ya babu zetu wa 1885 aliiandika nani? Tulichonacho ni kumbukumbu za wazee, nazo nimezishuhudia zikifanya kazi. Kwenye matanga ya baba mkubwa, baba wadogo wawili walitaja ukoo hadi kizazi cha saba. Mpaka cha nne walikwenda pamoja. Cha tano wakaachana, kila mmoja akashika kilima chake. Kimojawapo kina shamba lenye kesi.

Tena piga hesabu: vizazi kumi nyuma, kila mtu ana nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Televisheni inamchagua mwenye kisa kitamu, sisi tunamchagua wa kiumeni, na wale wengine elfu na ushei hakuna anayewaulizia. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba mwigizaji Ben Affleck alikiomba kipindi cha Gates kisimtaje babu yake aliyemiliki watumwa, na kweli hakikumtaja. Simcheki. Baba wadogo wangu wamefanya vivyo hivyo bila kamera.

Nitaulizwa: na walioporwa ndugu? Wapo, na hapa sibishani. Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels iliitia Ubelgiji hatiani kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, katika kesi ya wanawake watano machotara walionyang'anywa mama zao Kongo wakiwa wadogo. Hao wapewe kila karatasi iliyopo. Ila aliyeibiwa mama anadai mama, na hilo ni jambo tofauti kabisa na kutafuta ukoo wa kutembea nao kifua mbele.

Januari 2025, mji wetu ulipokuwa umetoka kupigwa vitani na kambi za wakimbizi zinavunjika, nilimwona kijana wa kujitolea amechuchumaa uani mwa kanisa mbele ya mtoto wa kama miaka minne aliyepotezana na mama yake. Hakumuuliza kabila. Alimuuliza walilala hema la rangi gani, maji walichota wapi, mama alivaa nini. Jina la mama mtoto alilijua kuwa "Mama", basi. Kitenge alikijua vizuri: samaki wa manjano, mmoja amechanika mkia. Kijana aliandika hivyo hivyo, mpaka mkia.