Safari ya ndege haianzii Entebbe

Umbali kati ya miji miwili siku hizi hupatikana kwa kubonyeza simu. Entebbe hadi Dubai, simu itasema, ni zaidi ya kilomita 3,700, na ndege huzimaliza kwa saa tano na ushee. Hesabu hiyo ni sahihi kwa mtu anayelala Entebbe. Kwa binti wa Karusandara anayekwenda Ghuba kutafuta kazi, ni nusu tu ya habari.

Yeye huanza kwa bodaboda hadi barabara kuu ya Kasese na Fort Portal, kisha basi la Kampala. Kutoka Kasese mjini hadi Kampala kwa njia hiyo ni kilomita zipatazo 370, sehemu moja ya kumi ya safari ya Dubai, nazo hula saa sita au saba barabara ikiwa njema. Akifika Kampala bado hajafika: kuna foleni, kuna gari jingine la Entebbe, na uwanjani atakiwa awepo saa tatu kabla ya ndege kuruka. Mwenye busara huondoka nyumbani siku moja kabla na kulipia malazi. Hofu hiyo si ya bure. Mei 2023 maji ya Katonga yalikata barabara ya Kampala na Masaka, magari ya kusini-magharibi yakazungushwa mbali, na ndege haimngoji aliyekwama mtoni.

La kushangaza, Kasese ina kiwanja chake cha ndege, tena kimo miongoni mwa viwanja vya mikoani vilivyoteuliwa na Uganda kuwa vya kuingilia na kutokea nchini. Kwa kawaida hutumiwa na ndege ndogo za watalii. Ukichora mstari ulionyooka kutoka hapo, Arusha yaliko makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kilomita 830 hivi. Kinshasa, mji mkuu wa mwanachama aliyejiunga 2022, ni kama 1,700. Lakini mfanyabiashara wa Bwera, anayeiona Kongo ng'ambo ya mto pale Mpondwe, akiwa na shughuli Kinshasa hana budi aipe Kongo mgongo, asafiri mashariki hadi Entebbe, ndipo ndege imrudishe magharibi alikotoka.

Watasema Kasese haina abiria wa kujaza ndege kubwa. Kweli, wala hakuna sababu ya kuomba ndege kubwa. Njia ndefu ya lami isiyo na ndege ni malisho ya ng'ombe tu, tena ya gharama. Na mkulima wa mahindi wa Karusandara hatapanda ndege ya Entebbe hata ikiwepo kila asubuhi. Kitakachomfaa ni tiketi moja inayoanzia Kasese: basi linalofuata ratiba ya ndege, na shirika la ndege kumhamishia safari bila faini basi likichelewa. Basi hilo halina haja ya kuzama katikati ya Kampala. Barabara ya Mityana huingilia Busega, na hapo hapo ndipo inapoanzia barabara ya kasi ya Entebbe iliyofunguliwa 2018.

Kuhusu kiwanja cha Kasese, zianze ndege ndogo za Nairobi au Kisangani mara mbili kwa wiki. Maafisa wa uhamiaji na forodha tayari wako Mpondwe, mwendo wa saa moja hivi. Wapangiwe zamu siku hizo. Hilo halihitaji mkopo wa benki.