UCHAMBUZI: Bunduki bora pekee haitaleta usalama Garsen

KILA damu inapomwagika kando ya Mto Tana, kilio kilekile husikika kutoka Garsen hadi Hola: polisi wa akiba waongezwe, na bunduki zao kuukuu zibadilishwe kwa za kisasa. Ni kilio kinachoeleweka. Mtu aliyeona nyumba ya jirani ikiteketea alfajiri hawezi kuridhika akiambiwa asubiri gari la polisi, hasa katika eneo ambalo mvua ikinyesha barabara hugeuka tope na mafuriko hutenga vijiji na mji.

Hata hivyo, kilio hicho huliruka swali lililopaswa kutangulia. Bunduki huchaguliwa kwa kazi yake. Je, kazi inayotakiwa katika delta ya Tana ni ipi, na ipo bunduki yoyote inayoweza kuitekeleza?

Swali hili halijapitwa na wakati. Oktoba 2024, Serikali ilitangaza sehemu za Tana Kaskazini kuwa maeneo yenye ghasia na hatari, kufuatia mauaji yaliyotokana na mzozo wa ardhi na makazi, ikaamuru wakazi wasalimishe silaha haramu. Huko ni juu ya mto, mbali na Garsen. Lakini funzo lake ni lile ambalo watu wa delta walilipata kwa machungu mwaka 2001, na kwa mara nyingine mwaka 2012.

Mwaka wa msiba

Itakumbukwa kuwa katika mapigano ya mwaka 2001 kati ya Wapokomo, ambao wengi wao ni wakulima, na jamii za wafugaji wakiwemo Waorma, zaidi ya watu 100 waliuawa. Mpango wa Serikali wa kupima ardhi na kutoa hatimiliki ulikuwa umewatia wafugaji hofu ya kufungiwa malka, yaani njia za kupitisha mifugo kwenda kunywa maji mtoni. Wakulima nao walichoka kuona mimea yao ikigeuzwa malisho.

Miaka 11 baadaye moto uliofunikwa majivu uliwaka tena. Alfajiri ya Agosti 22, 2012, kijiji cha Waorma cha Riketa kilivamiwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Wengi walikatwa kwa mapanga au kuteketezwa ndani ya nyumba zao. Mapema Septemba kisasi kilishuka juu ya Wapokomo wa Chamwanamuma. Septemba 10 ikawa zamu ya Kilelengwani, ambako watu 38 walipoteza maisha, 9 kati yao wakiwa maafisa wa polisi. Rais Mwai Kibaki alitangaza kafyu, vikosi vikamiminwa katika delta, na tume ya uchunguzi ikaundwa chini ya Jaji Grace Nzioka. Pamoja na hayo yote, Desemba 21 kijiji cha Kipao nacho kilivamiwa na takriban watu 40 wakafa. Safari hii baadhi ya wavamizi walikuwa na bunduki za AK-47.

Hiyo ndiyo hali ambayo bunduki ya polisi wa akiba inatakiwa kuikabili.

Sifa za bunduki ya komeo

Miongoni mwa silaha ambazo polisi wa akiba nchini wamezibeba kwa miaka mingi ni Lee-Enfield ya risasi za .303, ambayo wengi waliijua kwa jina la Mark 4. Ukoo wake ni wa kale. Jeshi la Uingereza lilianza kutumia bunduki za aina hiyo mwaka 1895, na askari wa King's African Rifles walizibeba katika Vita vya Pili vya Dunia. Baada ya kila risasi, mpigaji hulivuta komeo kwa mkono ili ganda litoke, kisha hulisukuma ili risasi nyingine iingie. Magazini yake hubeba risasi 10.

Anayeidharau kwa sababu ya umri wake hukosea. Komeo lililofungwa hukaa imara nyuma ya risasi, na hakuna chuma kinachokwenda mbele na nyuma ndani ya bunduki wakati risasi ingali mtutuni. Ndiyo maana walenga shabaha wa masafa marefu duniani kote wangali wanaipenda bunduki ya komeo. Katika uwanja wa Bisley nchini Uingereza, ambako mashindano yamefanyika tangu mwaka 1890, shabaha huwekwa umbali wa kufikia yadi 1,000, yaani zaidi ya mita 900. Bunduki nyingi za Mark 4 zilibadilishwa mitutu na kutumika katika mchezo huo baada ya majeshi kuziacha.

Bei nayo huipa sifa. Nchini Marekani, bunduki mpya ya komeo inayoweza kukusanya risasi zake ndani ya sentimita tatu hivi, kwa umbali wa mita 100, hupatikana kwa dola 500 hadi 1,000. Mpenda mchezo huo huambiwa achague mtutu mzuri, kitako kinachomkaa begani, kifyatulio laini na risasi zisizokuwa ghali, ili apate kufanya mazoezi mara kwa mara. Mazoezi ndiyo humfanya mlenga shabaha. Bunduki ya bei kubwa isiyofyatuliwa kwa mwaka mzima haimfai kitu.

Kwa vipimo hivyo, Mark 4 ya polisi wa akiba haikuwa chaguo baya. Ni imara, haili risasi ovyo, na humlazimisha mwenyewe kufikiri kabla ya kufyatua. Katika mbuga tambarare za karibu na Garsen, ambako kundi la ng'ombe huonekana kutoka mbali wakati wa mchana, mlinzi mmoja mwenye jicho zuri anaweza kuwazuia wezi wa mifugo wasisogee.

Umbali wa hatua 20

Tatizo ni kwamba Riketa, Kilelengwani na Kipao hazikushambuliwa mchana kutoka upande wa pili wa mbuga. Zilivamiwa kabla au wakati wa mapambazuko, na watu wengi kwa mpigo, huku wakazi wakiwa usingizini. Katika moshi na kiza, baina ya nyumba na nyumba, adui huwa hatua 20 tu kutoka mlangoni, na yule anayekimbia mbele yake huenda akawa mtoto wa jirani. Hapo uwezo wa kupiga shabaha mita 500 haumsaidii mtu. Mwenye kuvuta komeo baada ya kila risasi huzidiwa kabla ya kufikia ya tatu.

Kutokana na hoja hiyo, wengi husema jibu ni bunduki ya kasi. Wanaitaja G3 yenye asili ya Ujerumani, iliyozoeleka mikononi mwa polisi wa Kenya, yenye risasi 20 katika magazini, au AK-47 yenye 30. Nchi hata imeanza kujitengenezea silaha. Aprili 2021, Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda cha bunduki huko Ruiru, kilichogharimu takriban Sh4 bilioni na chenye uwezo wa kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka.

Lakini hoja ya kasi nayo haikamiliki. Maafisa 9 waliouawa Kilelengwani walikuwa polisi wa Serikali waliopelekwa kulinda kijiji, wala hawakuwa wanakijiji wa mikono mitupu. Julai 2014, wakati mashambulizi ya kigaidi yalipovuka kutoka Lamu, kituo cha polisi cha Gamba, si mbali na Garsen, kilivamiwa na watu wakauawa. Kituo cha polisi ni mahali penye bunduki. Kilichokosekana katika visa vyote viwili ni habari za mapema na idadi ya kutosha ya walinzi. Hakuna mtutu unaoweza kuziba mapengo hayo.

Risasi zinakoishia

Kuna upande mwingine wa hesabu, na huu huzungumzwa kwa nadra katika mikutano ya hadhara. Bunduki hudumu miaka 50 au zaidi, lakini risasi huisha. Anayetaka kujua silaha inafanya kazi gani hana budi kufuata risasi.

Mwaka 2008, shirika la utafiti la Small Arms Survey lilichunguza risasi zilizokuwa zikizagaa kinyume cha sheria Turkana Kaskazini. Lilibaini kuwa karibu nusu yake zilitoka katika maghala ya dola ya Kenya yenyewe, kupitia njia ya kuwapa silaha polisi wa akiba na walinzi wa vijiji. Turkana si Tana, lakini utaratibu ni mmoja: mwananchi anayejitolea, ambaye kwa miaka mingi hakulipwa mshahara, hupewa bunduki na risasi na kuachiwa akae nazo nyumbani. Njaa ikiingia, au ndugu wa ukoo akija na shida, risasi huwa ndiyo akiba iliyo karibu.

Serikali yenyewe ililiona hilo. Mwaka 2019 iliwapokonya silaha polisi wa akiba katika maeneo kadhaa ya Kaskazini ili wapigwe msasa upya, na viongozi wa huko wakalalamika kuwa watu wao wameachwa uchi mbele ya majangili. Pande zote mbili zilikuwa na haki. Kumwachia bunduki mtu asiyesimamiwa ni hatari, na kumpokonya bila kuleta mlinzi mwingine pia ni hatari.

Mwenye leseni ya kiraia, chini ya Sheria ya Bunduki, huwajibika kwa bodi inayotoa leseni, na Desemba 2018 wote waliamriwa kujitokeza wakaguliwe upya. Ni vigumu kueleza ni kwa nini bunduki ya Serikali iliyoko kijijini isihesabiwe kwa makini kama ile ya mfanyabiashara wa Nairobi, tena risasi kwa risasi.

Jicho la jirani

Lililo zito zaidi ni jinsi bunduki inavyoonekana kutoka upande wa pili. Polisi wa akiba huteuliwa kutoka kijijini mwao. Katika kaunti ambayo kijiji aghalabu ni cha jamii moja, bunduki iliyotolewa kumlinda mkulima huonekana na mfugaji kuwa bunduki ya Wapokomo, na ile ya mfugaji huonekana na mkulima kuwa ya Waorma. Ukimpa mmoja Mark 4, wa pili atatafuta AK-47. Ukimpa huyo G3, mwenzake hatalala. Soko halina shida ya kuwahudumia wote: tangu Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, silaha zimekuwa zikivuka mpaka, na mwaka 2012 ilikadiriwa kuwa raia nchini Kenya walikuwa na bunduki kati ya 530,000 na 680,000.

Kwa hiyo, mjadala wa Garsen usianzie kwenye bunduki wala usiishie hapo. Polisi wa akiba watahitajika maadamu vituo vya polisi viko mbali, na wapewe silaha inayofaa. Lakini kwanza wateuliwe kutoka jamii zote na wapangwe kwenye zamu moja, walipwe, wafunzwe kulenga na kujizuia, na bunduki zilale katika ghala la kituo badala ya chini ya kitanda. Simu ya chifu inayopokewa usiku, na gari lenye mafuta la kuitikia wito, vitaokoa watu wengi kuliko magazini ya risasi 30.

Zaidi ya hayo, malka zichorwe na ziheshimiwe. Sheria ya Ardhi ya Jamii ilipitishwa mwaka 2016, na inatoa nafasi ya kuandika ni wapi shamba linaishia na wapi ng'ombe hupita. Kazi hiyo haina mlio wala moshi, na huenda ndiyo sababu wanasiasa hawaipigii kampeni kama wanavyozipigia bunduki. Lakini mengi ya mauaji yaliyotajwa hapa yalikuwa na ugomvi wa ardhi au maji nyuma yake.

Mlenga shabaha hodari hutumia muda mrefu kutazama upepo kabla ya kugusa kifyatulio. Kando ya Tana, upepo huo ni mto, malisho na mipaka ya mashamba. Serikali ikiendelea kuhesabu bunduki bila kuutazama, risasi itapotoka, na watakaozikwa watakuwa walewale.