Tabibu wa Akili Hapimwi kwa Wingi wa Karatasi

Kila mwaka, Ijumaa ya tatu ya mwezi wa Machi, maelfu ya wanafunzi wanaomaliza masomo ya udaktari nchini Marekani hupata habari moja inayoamua mwelekeo wa maisha yao: ni hospitali ipi itakayowapokea kwa mafunzo ya ubingwa. Utaratibu huo ulianza mwaka 1952. Mwanafunzi huorodhesha hospitali anazozipenda, ya kwanza hadi ya mwisho. Hospitali nazo huwaorodhesha waombaji. Kisha orodha hizo huoanishwa, siku hizi kwa kompyuta. Matokeo yake huwafunga wote wawili, mwanafunzi na hospitali.

Zamani fani ya magonjwa ya akili haikugombewa. Vijana wengi waliipita mbali, na sehemu kubwa ya nafasi zake ilichukuliwa na madaktari waliosomea nchi za nje. Leo mambo yamegeuka. Mwaka 2012 nafasi za kuanza mafunzo hayo zilikuwa kama 1,100. Mwaka 2023 zilizidi 2,000, na karibu zote zilijazwa. Kwamba vijana sasa wanaugombea ugonjwa ambao jamii iliuonea haya ni jambo la kupongezwa.

Lakini mashindano hayo yamezaa kasoro isiyofaa kufumbiwa macho. Kwa hofu ya kukosa, mwanafunzi hupeleka maombi katika makumi ya hospitali. Kila ombi lina ada yake, na baada ya idadi fulani ada hiyo hupanda. Wengi wa vijana hao tayari wanadaiwa fedha za masomo, deni linalofikia kiasi cha dola 200,000 kwa mtu. Kwa hiyo mwenye nacho hununua bahati nyingi zaidi kuliko asiye nacho. Hospitali yenye nafasi chache nayo huletewa mamia kwa mamia ya maombi. Nani atayasoma yote kwa makini? Hapo ndipo wachaguzi wanapokimbilia njia ya mkato: alama za mtihani na jina la chuo. Mnamo Januari 2022 mtihani wa kwanza wa leseni ulifanywa kuwa wa kufaulu au kushindwa tu, bila alama. Mtihani wa pili, hata hivyo, ungali unatoa alama, na macho yote yamehamia huko.

Yafaa kujiuliza, kazi yenyewe ni ipi? Mafunzo ya ubingwa huo huchukua miaka minne. Daktari hujifunza kukaa na mtu anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, na kumsikiliza aliyekata tamaa ya kuishi bila ya kumharakisha wala kumhukumu. Subira ya namna hiyo haionekani katika alama za mtihani. Ubaya zaidi ni kwamba mwanafunzi aliyewahi kutibiwa sonona, na pengine akaichagua fani hii kwa sababu hiyo hiyo, mara nyingi hushauriwa asiitaje habari hiyo katika maombi yake, asije akaonekana dhaifu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Itakuwaje basi wale watakaowafundisha watu kutoona haya waanze kazi yao kwa kuficha?

Wako watakaosema kwamba mashindano huwatoa walio bora. Ni kweli kwamba kuchagua hakuna budi. Lakini nchi ambayo zaidi ya nusu ya kaunti zake hazina hata daktari bingwa mmoja wa akili haiwezi kujisifu kwa kumrudisha nyumbani kijana anayefaa. Mlango umebanwa na hesabu za fedha. Sheria ya mwaka 1997 iliweka kikomo cha nafasi za mafunzo zinazolipiwa na Medicare, bima ya afya ya wazee. Mwishoni mwa mwaka 2022 Bunge la nchi hiyo liliidhinisha nafasi mpya 200, zikiwemo angalau 100 za magonjwa ya akili. Hilo ni jema, lakini mbele ya mahitaji ya nchi nzima ni tone la maji katika mtungi mkavu.

Basi yapo mambo mawili ya kutendwa. Kwanza, maombi yawekewe kikomo. Katika miaka ya karibuni fani hii imewapa waombaji nafasi ya kuzitaja hospitali chache wanazozitaka zaidi. Huo ni mwanzo mwema, ila bila ya kikomo hofu itaendelea kuzaa karatasi. Pili, nafasi ziongezwe, hasa katika sehemu zisizo na mabingwa, na mwombaji aliyewahudumia wagonjwa kwa moyo ahesabiwe hivyo.

Kwa mwalimu anayemwandikia mwanafunzi barua ya sifa, na kwa mtumishi anayeketi katika kamati ya usaili popote pale, mfano huu una somo. Maombi yakizidi uwezo wa msomaji, anayeumia si kijana peke yake. Yuko pia mgonjwa, ambaye hakuulizwa lolote, anayengoja mtu wa kumsikiliza.