JINO HALINGOJI MARADHI YAPITE

Huenda wapo watakaouliza: Tukuyu na Rungwe zatuhusu nini sisi watu wa Visiwani? Tunawajibu kwa maneno ya wazee: mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Rungwe ni wilaya ya milima na mvua nyingi. Hospitali ya wilaya iko Makandana, mjini Tukuyu, na kutoka hapo mpaka Mbeya ni kiasi cha kilomita 70. Mkulima wa chai aliyekeshwa na jino hana njia nyepesi. Hata wataalamu walikwenda huko kuchunguza matibabu ya meno ya dharura vijijini, wakachapisha uchunguzi wao mwaka 1998.

Ulipoingia Uviko nchini, Machi 2020, taabu ilizidi. Mashine ya meno hurusha mate hewani, na tabibu humwinamia mgonjwa uso kwa uso. Agosti ya mwaka ule Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba, pale maradhi yanapoenea, matibabu yasiyo ya haraka yaakhirishwe, ya dharura yaendelee, na vyombo vya mkono vitumike kila inapowezekana. Ujuzi huo wa kukwangua uozo bila ya umeme na kuliziba jino ulianzia hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980.

Lakini tabibu atajuaje kuwa maradhi yanaenea, ikiwa hesabu zimefichwa? Hesabu zilikatika kutangazwa Mei 2020, zisirejee mpaka mwaka 2021. Katika giza hilo, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, alijitokeza kueleza hadharani kwamba ameambukizwa. Alifariki tarehe 17 Februari 2021. Mgonjwa alisema kweli. Wenye dola walinyamaza.

Afya si jambo la Muungano. Kwa hiyo twaitaka Serikali ya Zanzibar, kabla ya janga jingine, ihakikishe kila kituo cha afya, tangu Micheweni hata Makunduchi, kina vyombo vya mkono, glavu, barakoa na mtu aliyefundishwa kuvitumia. Tena itoe hesabu za maradhi bila ya kuficha.

Raia anayelipa kodi haombi sadaka. Anadai haki yake.