Mpangaji Hatakiwi

Wapenzi wa fasihi tunajisifu kwamba tunajua kusoma kilichofichwa kati ya mistari. Haya, leo tuweke riwaya pembeni tusome utungo ambao vijana wengi wa Mbeya na Iringa wameutia saini huku wameshika begi mkononi: mkataba wa chumba. Kwa kawaida ni ukurasa mmoja uliochapwa steshenari, sehemu ya jina imeachwa nukta nukta.

Hesabu vitenzi vyake. Mpangaji atalipa kodi ya miezi sita. Mpangaji hatakiwi kulaza wageni. Mpangaji atatengeneza kitakachoharibika. Mpangaji hatarudishiwa fedha akihama mapema. Sasa mtafute mwenye nyumba. Yeye hana kitenzi hata kimoja kinachombana. Anatokea kwenye saini, na pale panaposema anaweza kupandisha kodi au kukuondoa akiona inafaa. Halafu tunauita makubaliano!

Lugha nayo imechangia. Unachoilipa serikali ni kodi, unachomlipa baba mwenye nyumba ni kodi vilevile. Ila ya serikali inapitishwa bungeni na kiwango chake kinajulikana. Ya chumba cha Kihesa inaamuliwa barazani, jioni moja, na jibu lake ni "kama huwezi, hama". Tangu Agosti 2021 kodi hizi mbili zimekutana kwenye mita. Kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU; ilipoanza ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Jengo ni la mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni mpangaji. Eti wamalizane wenyewe. Niambie, nani ataenda kumgongea mama mwenye nyumba kumdai hela yake kila mwezi?

Zamani palikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ile ya 1984. Ilikuwa na kasoro zake, na mwaka 2005 ikafutwa. Kilichobaki ni soko: wenye hiari wawili wanakubaliana. Lakini mtazame mwanafunzi wa MUST aliyeshuka Iyunga, bumu halijaingia, chuo kinafungua Jumatatu. Tuseme chumba ni shilingi 50,000. Miezi sita ni 300,000. Dalali anataka ya mwezi mmoja, jumla 350,000, na godoro bado. Hiari iko wapi hapo? Mshahara unalipwa kwa mwezi, mama wa mboga Mwanjelwa anahesabu mauzo kwa siku, ila kodi ndiyo inadaiwa kwa nusu mwaka.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sheria haijanyamaza. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 88, inampa mwenye nyumba wajibu hata kama mkataba haukuutaja. Mpangaji anayelipa aachwe akae kwa amani. Akipanga sehemu ya jengo, paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni juu ya mwenye nyumba. Na chumba cha kuishi kiwe kinafaa binadamu kuishi siku anayoingia na siku zote anazokaa humo. Sasa piga picha Uyole mwezi wa Julai, baridi inauma mifupa, dirisha limezibwa na boksi. Au Januari Iringa, mvua inanyesha, beseni liko katikati ya kitanda. Huyo mpangaji anaambiwa anunue bati mwenyewe, wakati sheria imeshasema bati si lake.

Utasema aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Aende, ndiyo, lakini kwa chumba cha elfu hamsini, nauli na siku za kazi zitakazopotea zitaimeza kodi yenyewe. Na usiku atarudi kulala kwa huyohuyo aliyemshitaki.

Najua jibu litakalokuja: wapangaji nao wasumbufu, wanatoroka usiku na deni. Kweli wapo. Yupo mwalimu mstaafu wa Mtwivila aliyejenga vyumba viwili kwa kiinua mgongo, na kodi hiyo ndiyo dawa yake na ada ya wajukuu. Simwiti mnyonyaji. Lakini deni la mpangaji linadaiwa kwa mkataba unaoeleweka na notisi ya maandishi. Halidaiwi kwa kung'oa mlango.

Wala sidai tufungie bei kama zamani. Majirani zetu Uganda walipitisha sheria yao ya mwenye nyumba na mpangaji mwaka 2022: kodi haipandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na hakuna kumtoa mtu bila amri ya mahakama. Sisi tunashindwa nini? Kodi ilipwe kwa mwezi, au isizidi miezi mitatu. Kufunga watu nje bila amri liwe kosa lenye adhabu inayojulikana mtaani. Na mkataba usio na wajibu wa mwenye nyumba usikubaliwe na mwenyekiti wa mtaa anapouwekea muhuri.

Hadi hapo, wewe msomaji unayejua thamani ya sentensi, ukiletewa ule ukurasa mmoja, omba kalamu kabla ya kutia saini. Andika kwa mkono pale chini: mwenye nyumba atatengeneza paa. Umsikilize atakavyokujibu, kisha uamue kama utampa ya miezi sita.