Insongo hii imetoka kilima gani?

SAFU YA UFUKWENI
Na Déo Ntirampeba

Mtu wa mji wetu wa Rumonge akiagiza mukeke wa kuchoma, yule samaki wa ziwa letu, humhoji mwenye kabare, yaani baa, hadi amchoshe. Amevuliwa usiku huu? Ameletwa na mtumbwi wa nani? Atamfunua shavu, atamtazama jicho, na akikuta haling'ai atahamia meza ya jirani. Mtu huyohuyo akiletewa insongo haulizi neno. Anajaziwa bilauri, anakunywa, analipa. Naliona hili ni jambo la kusikitisha, kwa sababu katika vinywaji vyote vinavyoshuka mjini kwetu, hakuna kinachotofautiana kati ya mkono na mkono, kilima na kilima, kama insongo. Na ile iliyo bora ni divai kamili.

Kwa wasomaji wa mbali: urwarwa na insongo zote hutokana na ndizi za pombe, na sehemu kubwa ya migomba ya Burundi ni ya ndizi hizo. Urwarwa hutiwa maji. Insongo ni maji ya ndizi yenyewe, mazito, na ukali wake unatokana na sukari iliyokuwa ndani ya tunda. Ndizi zilizokomaa hufukiwa shimoni kati ya majani ya mgomba, zikapashwa joto na moshi, zikakaa siku kadhaa hadi ziive zote pamoja. Humenywa, hukandwa pamoja na nyasi ndani ya umuvure, lile hori la mti, mpaka maji yajitenge. Maji hayo huchujwa, hutiwa unga wa mtama ulioota na kukaangwa, kisha hufunikwa yachachuke. Familia moja hufanya yote, kuanzia kupanda chipukizi hadi kubeba bidoni sokoni. Baba huchimba shimo, vijana hukanda, na mara nyingi bibi ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu kiasi cha mtama.

Sasa tuje kwenye baridi, kwa maana ndiko ninakotaka kuwapeleka. Ziwa letu, Tanganyika, liko mita 770 na kidogo juu ya usawa wa bahari, na joto la ufukweni mnalijua. Kutoka sokoni Rumonge, barabara ya Bururi inapanda bila huruma, na muda si mrefu unatafuta koti. Milima ya Burambi na Buyengero inasimama juu ya vichwa vyetu, na ya Bururi nyuma yake inapita mita 2,000. Huko juu mkungu huchukua miezi mingi zaidi kukomaa kuliko ule wa Karonda au Resha. Na maji ya ndizi yakiwekwa katika nyumba yenye ubaridi, huchachuka polepole, hivyo harufu ya tunda haikimbii. Huku chini joto huharakisha kila kitu. Pombe iliyokuwa nzuri asubuhi, kesho yake inaelekea siki. Kuna kikomo, bila shaka: ukiendelea kupanda kuelekea mashamba ya chai ya Tora, mgomba wenyewe unateseka. Ukanda mzuri ni ule wa katikati, wenye ukungu wa asubuhi na jua la mchana.

Watengeneza divai ya zabibu wanaijua kanuni hii vizuri. Kwenye bonde la Mosel, Ujerumani, familia ndogo hulima zabibu za Riesling kwenye miteremko mikali kiasi kwamba kazi nyingi hufanywa kwa mkono, na sifa ya divai yao ni uchachu safi unaotokana na ubaridi. Karibu na sisi, Richard Leakey, mwanasayansi wa Kenya aliyefariki Januari 2022, alipanda Pinot Noir na Chardonnay kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, upande wa Ngong, akiufuata ubaridi wa mwinuko ule. Dodoma ni habari nyingine: nchi kavu yenye jua, mavuno mara mbili kwa mwaka, divai zenye mwili. Naipenda Dodoma. Ila mkulima mdogo wa kule kwa kawaida huuza zabibu kwa kiwanda, na mwaka ambao kiwanda hakinunui zinamharibikia shambani. Mkamuaji wa Burambi hamsubiri mtu. Kinachomkosesha kipato ni kwamba bidoni yake ikifika mjini humiminwa pipa moja na za wenzake, nzuri na mbovu, kisha huongezwa maji, wakati mwingine sukari na hamira, na yote huitwa insongo.

Ndiyo maana naomba tujifunze kuonja. Mimina kwenye bilauri ya kioo, usitumie mrija. Umuheha, mrija wetu wa jadi, ni mzuri watu wanapozunguka chungu kimoja kwenye harusi, lakini unaifungia pua nje, na nusu ya insongo iko puani. Tazama rangi: ya kahawia inayoelekea dhahabu, yenye ukungu, bila povu chafu. Nusa. Insongo ya milimani hunukia ndizi iliyoiva sana, moshi kidogo wa shimo, na mkate wa mtama. Ukinusa siki kwanza, rudisha. Kisha kunywa kidogo na uishikilie mdomoni. Iliyo bora huanza na uchachu, ikafuata na utamu, ikamalizia na uchungu mwembamba wa mtama ulioungua kidogo, na uchungu huo unabaki. Iliyotiwa sukari hujitangaza: utamu wote uko mbele, nyuma yake hakuna kitu.

Kwa mukeke wa kuchoma sitawashauri kingine ila insongo. Samaki yule ana mafuta, na uchachu wa insongo unayakata vizuri kuliko bia. Kwa ndagala za kukaanga kwa mawese napendelea urwarwa, nyepesi, ya siku ya pili, kwa sababu insongo nzito inawafunika wale samaki wadogo. Wali na maharage havihitaji insongo hata kidogo.

Najua wapo watakaosema mgeni wa heshima hupewa Primus au Amstel. Brarudi, kampuni inayozitengeneza, ilianzishwa 1955 na nchi nzima imekulia juu ya chupa zake. Sina ugomvi nayo. Lakini tumeishi miaka ambayo chupa hizo zilikuwa adimu kwa sababu kiwanda kinahitaji malighafi ya nje na fedha za kigeni hazikuwepo. Mgomba wa Buyengero hauhitaji dola. Iweje insongo tuione kama kinywaji cha kungojea bia irudi?

Ombi langu kwa wenye kabare ni dogo: andikeni jina la kilima kwenye bidoni, na msizichanganye. Mkoa wa Rumonge ulizaliwa 2015, na mageuzi ya 2025 yakautia mji wetu ndani ya mkoa mpya wa Burunga. Mipaka ya ofisi huja na kuondoka, lakini jina la kilima babu yako alilijua, na mnywaji akilijua atarudi kulitafuta. Iliyo bora na iuzwe ghali zaidi, na faranga za ziada zimfikie aliyekamua. Anazihitaji. Kirabiranya, ugonjwa wa mnyauko wa migomba, imeua migomba mingi nchini, na kuizuia ni kazi ya kila wiki: kuvunja ua la chini kwa kijiti cha panda kabla wadudu wanaoueneza hawajalitembelea, kupitisha panga motoni kila unapohamia mgomba mwingine. Ubaridi wa juu husaidia, kwa kuwa wadudu hao ni wachache zaidi huko, lakini panga chafu halijali mwinuko. Hakuna atakayejisumbua hivyo kwa pombe inayolipwa sawa na ile iliyotiwa maji.

Nusu ya majirani zangu ni Waislamu na hawanywi, na wao wasinifungie ukurasa. Kabla ya mtama kutiwa, yale maji ya ndizi huitwa umutobe: matamu, mazito, yenye moshi uleule. Tatizo lake ni muda, maana yenyewe huanza kuchachuka bila kuombwa, na kwa joto la Rumonge hayakai. Anayeyataka masafi aagize kwa mkamuaji mwenyewe, apande Burambi siku ya kukamua, asubuhi, na ayanywe palepale penye umuvure.