"Ongea na mtu." Nani?

Kila tarehe 10 Septemba mnapost "ongea na mtu" na kamshumaa. Sawa. Mimi niko Kiritiri. Niongee na nani? Kwa base ya muguka ukisema umechoka na maisha, unaambiwa jikaze, kisha unaongezwa majani. Nyumbani ni "omba tu."

Na kuna hofu ya polisi. Rafiki yangu alikataa kupelekwa hospitali usiku ule kwa sababu alidhani atashtakiwa. Hakuwa mjinga. Kifungu cha 226 kilisema kujaribu kujiua ni kosa, jela hadi miaka 2. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kinapingana na Katiba. Nani alipita hapa sokoni na spika kututangazia? Za kampeni hutuamsha hata alfajiri.

Basi ukipost, weka namba: 1199, Msalaba Mwekundu, hukatwi kredo. 116 ni ya watoto, mchana na usiku. Halafu kaa naye hadi simu ishikwe, usimwachie namba ukaenda zako.

Mimi nimeziandika kwa rangi ukutani pa kinyozi wetu. Akitokea wa kuzifuta, nitaziandika tena.